Kulia, kushoto, mbele na nyuma kwa michezo ya mwendo: mwongozo kamili kwa walimu na wazazi wa Goma

Simama uani mbele ya watoto wa miaka 4, watazame usoni, inua mkono wako wa kulia useme "kulia!" Wengi wao watainua wa kushoto. Wamefuata walichokiona, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Kosa ni la aliyesimama vibaya. Kwa hiyo kabla ya mchezo wowote, jambo la kwanza ni mahali pa mtu mzima: wape watoto mgongo. Tazama kule wanakotazama wao, ili kulia kwako kuwe kulia kwao.

Najua darasa la chekechea la Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, linavyojaa, na hakuna Madamu anayependa kuwaacha watoto 40 nyuma ya mgongo wake. Basi mweke mwenzako, au mtoto mkubwa wa shule ya msingi, awaangalie kutoka upande wa pili. Kama uko peke yako, ingia ndani ya mstari usimame bega kwa bega nao. Nyumbani ni rahisi zaidi: mpakate mtoto, nyote mkitazama mlango.

Umri na matarajio

Mbele na nyuma huja mapema kwa sababu mwili wenyewe unazitenganisha. Uso uko huku, mgongo kule. Miguu inakwenda huku bila shida na kule kwa kusitasita. Mtoto wa miaka 3 au 4 hushika haraka. Kulia na kushoto hazina msaada huo, maana mikono miwili inafanana. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliona kwamba kuanzia kama miaka 5 hadi 8 mtoto hutambua kulia na kushoto kwa mwili wake mwenyewe tu. Kulia kwa mtu aliyemkabili humjia baadaye, kati ya miaka 8 na 11. Wengine huwahi, wengine huchelewa. Mtoto wa miaka 4 anayechanganya mikono yake hana ugonjwa wowote, na hakuna sababu ya kumcheka mbele ya wenzake.

Kubalianeni pia neno. Hapa mjini mtoto husikia "kuume" kwa mama yake, "kulia" kwenye redio, na Kifaransa darasani. Yote ni sawa, lakini yakija pamoja mwanzoni yanamchosha. Chagueni moja, shule na nyumbani, kwa miezi ya kwanza. Mimi nitaandika kulia. Anayesema kuume aweke kuume.

Uwanja na vifaa

Tunacheza juu ya mawe ya volkeno. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na viwanja vingi vya shule vimekaa juu ya lava hiyo au ya zamani zaidi. Mtoto akianguka kwa kurudi nyuma juu ya mawe hayo, ataumia. Fagia kokoto, ziba mashimo kwa udongo, hakikisha kila mtoto amevaa viatu vilivyofunga mguu, na mwendo wa kinyumenyume usizidi hatua 3 au 4. Usimfunge mtoto macho. Michezo mingi ya namna hii huandikwa kwa watoto wanaokanyaga majani au zulia. Yetu si hiyo.

Faida moja tunayo: choki nyeupe juu ya jiwe jeusi huonekana vizuri kabisa. Palipo na udongo, tumia kamba au vifuniko vya chupa. Zaidi ya hapo unahitaji mabaki ya kitenge kutoka kwa fundi cherehani, kipande kimoja kwa kila mtoto, kirefu cha kutosha kufunga kwenye kifundo cha mkono, na madumu matatu au manne matupu. Mvua ikinyesha, sogeza madawati ukutani. Hatua nyingi zilizo hapa zinawezekana ndani.

Dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha. Zaidi ya hapo unafundisha uchovu.

Hatua ya kwanza: mbele na nyuma mwilini

Anza mkiwa mmesimama mahali pamoja. "Gusa kilicho mbele": pua, tumbo, magoti. "Gusa kilicho nyuma": kisigino, mgongo, matako (hapo watacheka, waache wacheke). Kisha uliza kuhusu masikio. Baadhi watasema mbele, baadhi nyuma, na watabishana. Usiwaamulie upesi. Ubishi huo ndio unaowaonyesha kwamba mwili una pande nyingine ambazo bado hazijapata jina, na utazihitaji baadaye.

Nyumbani, hatua hii hufanyika wakati wa kuvaa. Shati lina lebo nyuma ya shingo, vifungo mbele. Mwache mtoto alishike shati, aseme mbele iko wapi, ndipo avae.

Hatua ya pili: mbele na nyuma kwa mwendo

Kiongozi anaita "Mbele!", watoto wanaitikia "Twende!" na kupiga hatua moja. "Nyuma!" wanaitikia "Turudi!" na kurudi hatua moja. Hatua moja tu, kisha kusimama kabisa. Watoto watataka kukimbia. Usikubali, kwa sababu anayekimbia huwafuata wenzake, hasikilizi neno.

Wakishazoea, fanya jambo ambalo ndilo kiini cha hatua hii. Wapange wakitazama lango. Uliza: "Mbele yenu kuna nini?" Lango. Wageuze wote. "Na sasa?" Ukuta. "Lango limehama?" Hapo utaona nyuso za mshangao, na wapo watakaogeuza shingo kuhakikisha kwamba lango bado liko palepale. Rudia siku nyingi, kwa vitu tofauti: darasa, mti, choo, barabara. Mtoto anajifunza kwamba mbele ni yake, anatembea nayo. Asipolijua hili, kulia na kushoto zitamsumbua maradufu, maana atafikiri kulia ni upande wa dirisha.

Vitu navyo vina mbele, lakini si vyote. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma kwa mguu, ina mbele, kule kwenye usukani. Kiti kinayo, kuku anayo. Jiwe halina, mti hauna. Ukimwambia mtoto "simama mbele ya jiwe", mmoja atasimama kati yako na jiwe, mwingine atalipita na kusimama ng'ambo yake, na wote wawili wana haki, kwa kuwa hata sisi wakubwa tukimwelekeza mgeni tunasema duka liko "mbele ya kanisa" tukimaanisha amelipita kanisa. Kwa watoto wadogo tumia vitu vyenye uso au usukani, mawe yaache.

Hatua ya tatu: mkono mmoja tu

Hapa ndipo wengi tunaharakisha. Tunafundisha kulia na kushoto siku moja, na mtoto anabaki akijua kwamba ni maneno mawili yanayokwenda pamoja, bila kujua lipi ni la mkono upi. Fundisha kulia peke yake kwa majuma mawili au matatu. Kushoto usiitaje.

Funga kitambaa cha kitenge kwenye mkono wa kulia wa kila mtoto mwanzoni mwa mchezo. Ni mkono uleule kwa wote, kila siku. Usiwaambie "mkono unaokulia chakula" wala "mkono unaoandikia". Karibu mtu 1 kati ya 10 hutumia wa kushoto, kwa hiyo katika darasa la watoto 40 huenda una wanne hivi ambao maelezo hayo yanawapotosha. Na mtoto wa mkono wa kushoto asilazimishwe kubadili. Anachohitaji ni kujua jina la mkono wake, basi. Kwenye heshima za mezani na kupokea vitu kutoka kwa wakubwa, kila familia ina desturi zake, lakini mchezoni mwache.

Michezo ya kitambaa ni mingi, na utabuni yako. Mkono wenye kitambaa unapunga, unabisha hodi hewani, unatupa mpira wa makaratasi ndani ya ndoo. Mguu ulio upande wa kitambaa unakanyaga, unaruka peke yake. Halafu kitambaa kinasalimia: kinagusa sikio la upande wake, bega la upande wake, goti la upande wake. Mwishoni kinavuka katikati ya mwili na kugusa goti la upande wa pili. Kuvuka huko ni kugumu kuliko kunavyoonekana. Watoto wa miaka 4 wengi, mkono ukifika katikati, huutumia mwingine kumalizia. Usiwakemee, punguza mwendo na urudie kesho.

Watoto wakiinua mkono wenye kitambaa bila kusita, ndipo useme: "Ule mwingine unaitwa kushoto." Mara nyingi hutahitaji somo refu.

Kuondoa kitambaa nako kuna utaratibu. Kwanza kifiche chini ya mkono wa shati, ili mtoto akisikie kwenye ngozi bila kukiona. Kisha kiweke mfukoni upande uleule. Mwisho kiondoe. Mtoto akipotea, rudi hatua moja tu, usimrudishe mwanzo.

Hatua ya nne: motari na abiria

Kama una muda wa mchezo mmoja tu, chagua huu. Watoto wa Goma wanaujua kabla hujaueleza, kwa sababu wengi wamebebwa kwa pikipiki na wameona abiria akimgusa motari, yaani dereva wa pikipiki, begani.

Watoto wawili wanasimama mmoja nyuma ya mwenzake, wote wakitazama upande mmoja. Wa mbele ni motari, ananyoosha mikono kama ameshika usukani. Wa nyuma ni abiria, anaweka mikono yake juu ya mabega ya motari. Akigonga bega la kulia polepole, motari anageuka kulia na kuendelea. Akigonga la kushoto, anageuka kushoto. Akipapasa mgongo, wanakwenda mbele. Akivuta shati kidogo, wanarudi nyuma hatua moja. Akiinua mikono yote miwili, wanasimama.

Siku za kwanza mchezo ni wa kimya. Motari anasikiliza kwa bega. Baada ya siku kadhaa abiria anagonga na kutamka kwa pamoja: "Kulia!" Baadaye anatamka bila kugonga. Njia hii hushika kwa sababu neno linaingia juu ya kitu ambacho mwili tayari unakijua, na kwa sababu wote wawili wanatazama upande mmoja, hakuna kioo cha kuwachanganya. Badilisha zamu kila mara. Kazi ya abiria ndiyo ngumu zaidi, maana lazima aamue kabla ya kona. Mtoto anayefanya vizuri kama motari anaweza kubabaika kabisa akiwa abiria, na hapo unajua bado yuko katikati ya njia.

Weka madumu uani na uyape majina ya mjini: hili Birere, hili Himbi, hili Ndosho, lile la mbali Kituku. Abiria anachagua kimoyomoyo aendako, motari hajui mpaka wamefika. Watoto watadai nauli. Wape vifuniko vya chupa.

Kisha ongeza mzunguko. Mtoto mmoja asimame katikati ya duara la choki akiwa sanamu, kama ule mzunguko wa mjini wenye sanamu ya chukudu, na pikipiki zote zimzunguke. Kwa kuwa kwetu magari hupita upande wa kulia wa barabara, sanamu inabaki daima kushoto kwa motari. "Sanamu iko mkono gani?" Waulize wakiwa kwenye mwendo. Anayezunguka kinyume atakutana uso kwa uso na wenzake, na hakuna haja ya wewe kumsahihisha.

Wapo watakaotaka kuwa polisi wa barabarani. Wakubalie, lakini polisi huyo awe wa filimbi tu, ya kusimamisha na kuruhusu. Asiwaelekeze kulia na kushoto, kwa sababu amewakabili, na kulia kwake si kwao. Wakati wake utafika.

Pikipiki nane kwa wakati mmoja zinatosha uwanja wa kawaida. Wengine wakae pembeni wakiwa abiria wanaosubiri.

Hatua ya tano: chukudu na vyumba vitano

Mchezo wa chukudu ni mfupi lakini watoto wanaupenda. Anayeendesha chukudu huegemeza goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili. Watoto waigize: mguu wa kulia unasukuma mara nne, badili, wa kushoto unasukuma mara nne. Kama kuna mtoto mwenye chukudu ndogo aliyochongewa, mruhusu ailete, ila uwe na zamu kali, la sivyo somo litageuka ugomvi.

Vyumba vitano vinahitaji choki. Chora mraba katikati, kisha mmoja mbele yake, mmoja nyuma, mmoja kulia, mmoja kushoto. Mtoto anasimama katikati. Unaita, anaruka, anarudi katikati, na uso wake haugeuki hata akiruka nyuma au pembeni. Mwanzoni ita maneno mawili tu, mbele na nyuma. Siku nyingine kulia na kushoto. Ukiona hawakosei, changanya yote manne. Baada ya majuma kadhaa mgeuze mtoto robo mzunguko, aanze upya kwenye vyumba vilevile. Chumba kilichokuwa kulia sasa kiko nyuma au mbele. Yule aliyekariri vyumba atapotea, yule anayejua mwili wake hatapotea. Hakuna kipimo kizuri kuliko hiki, na hakikuhitaji karatasi.

Hatua ya sita: uso kwa uso

Hii ni ya watoto wa shule ya msingi, kuanzia miaka 7 au 8. Wanaocheza nzango, mchezo wa kuruka na kupiga makofi, wana shule tayari: wawili wanakabiliana, wanapiga makofi, wanaruka, kila mmoja anatoa mguu mmoja mbele. Wasimamishe wakati miguu imetoka na uulize: "Umetoa mguu gani? Mwenzako ametoa upi?" Ikiwa miguu imekutana upande mmoja, mmoja ametoa wa kulia na mwingine wa kushoto. Mtoto asiyeamini aende akasimame alipo mwenzake, atazame anakotazama, ajionee. Kuhama huko kwa miguu kunasaidia kuliko maelezo yako yote. Sasa ndipo polisi wa barabarani aweza kupewa maneno.

Hatua ya saba: mlima na ziwa

Siku mlima ukiwa wazi, na mara nyingi ni asubuhi, watoe watoto nje. Waelekeze kwenye Nyiragongo, mlima wetu wa volkeno. Mlima uko mbele, kaskazini. Ziwa Kivu liko nyuma. Wanyooshe mikono yote miwili: wa kulia unaonyesha mji wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, wa kushoto unaonyesha mji wa Sake. Wageuze sasa walitazame ziwa. Mlima umekuwa nyuma, na Gisenyi imehamia mkono wa kushoto. Waulize kilichohama ni nini. Wale waliopita hatua ya pili vizuri watakumbuka lango na watajibu kabla hujamaliza swali.

Usianze na mlima kwa watoto wadogo, hata kama unavutia. Akiambiwa mapema kwamba Gisenyi iko kulia, mtoto atadhani ni kulia siku zote, na kumtoa huko ni kazi.

Viatu na herufi

Kwa viatu, chora duara moja, likate nusu kwa nusu, gundisha kila nusu ndani ya kiatu upande wa ndani wa mguu. Viatu vikipangwa sawasawa, duara linakamilika. Kwa herufi, jua kwamba mtoto wa miaka 6 anaweza kusoma "dada" palipoandikwa "baba". Kugeuza b na d ni kawaida mwanzoni mwa kusoma. Michezo hii inamzoesha kutazama upande, lakini haitoshi yenyewe; herufi zinahitaji mazoezi yake. Kama mtoto amefika miaka 8 au 9 na bado anageuza herufi nyingi na kusoma ni mateso, ongea na mwalimu wake, na macho yake yapimwe.

Barabarani

Kuna sababu ya haraka ya kufundisha haya yote. Hapa Kongo magari hupita upande wa kulia. Mtoto anayetaka kuvuka, akiwa ukingoni, hatari ya kwanza inamjia kutoka kushoto. Basi: tazama kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena, ndipo uvuke. Vitabu na picha zinazotoka Kenya, Uganda na Tanzania huanza na kulia, kwa sababu kule magari hupita kushoto. Ukivitumia darasani, geuza maelekezo kabla ya kuwasomea watoto. Usitumie pia "upande wa dereva" kama alama. Mjini kwetu magari mengi yana usukani kulia na mengine kushoto.

Fanya mazoezi uani kwanza: kamba mbili ni barabara, watoto waliocheza motari ndio magari, wengine wanavuka kwa makundi madogo, kila mmoja akigeuza kichwa na kutamka upande anaotazama. Baadaye nenda nao kwenye ukingo wa barabara ya kweli, watoto wawili tu, mmoja kila mkono wako. Na pikipiki uwafundishe kando: motari akiona msongamano hupita popote, hata upande usio wake, kwa hiyo mtoto akifika katikati ya barabara atazame pande zote mbili tena kabla ya kuendelea.